Mtoto Anayecheua na Pumzi Inayokatika: Historia ya Tiba Zilizosifiwa Bure

Utangulizi

Hapa Uganda, mtoto mchanga anayecheua kila baada ya kunyonya, anayekohoa usiku na kukatika pumzi usingizini, hupewa majina mengi kabla hajafika kwa daktari. Kwa Waganda wengi tatizo lake ni ebinyo. Kwa Wanyankole na Wakiga ni ebiino. Ukivuka mpaka ukaingia Tanzania utaambiwa ana meno ya plastiki, au kimeo chake ni kirefu mno. Na kama mtoto huyo angezaliwa Marekani miaka ya 1970, huenda madaktari wangesema yumo hatarini kufa ghafla kitandani, na wazazi wangepewa mashine ya kupiga kengele pumzi zinaposimama.

Katika insha hii ninalinganisha majibu hayo. Sikusudii kuonyesha kwamba wazee wetu walikosea na Wazungu wakapatia. Hoja yangu ni kwamba wote waliteleza mahali pamoja. Walitibu jambo ambalo kwa watoto wengi huisha lenyewe. Lilipoisha, wakaisifu tiba. Waliosahihishwa walisahihishwa kwa njia moja tu: kukesha na mtoto, kuandika kinachotangulia na kinachofuata, na kumlinganisha na watoto wazima.

Kucheua huisha na umri

Mwisho wa umio, pale unapoingia tumboni, pana msuli unaofunga njia ili chakula kisirudi. Kwa mtoto mchanga msuli huo hulegea mara kwa mara, chakula chake ni maziwa matupu, na muda mwingi yuko chali. Ndiyo maana hucheua. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 1997 ulionyesha kwamba karibu theluthi mbili ya watoto wa miezi minne walikuwa wakicheua kila siku, lakini kati ya watoto wa miezi 10 hadi 12 waliobaki wakicheua ni asilimia 5 tu.

Takwimu hizi ni msingi wa insha nzima. Chukua watoto mia wenye miezi minne wanaocheua, wape maji ya mchaichai, waombee, wakate kitu au usiwafanyie lolote: wakifika mwaka mmoja, wengi mno watakuwa wameacha. Aliyewahudumia katikati ya muda huo atatoka na sifa.

Pumzi za watoto waliozaliwa kabla ya wakati nazo zina mwendo kama huo. Ubongo wao haujakomaa, hivyo husahau kuvuta pumzi kwa sekunde kadhaa, na wanapokua tabia hiyo hutoweka. Mambo mawili yanayoisha na umri yakikutana katika mtoto mmoja, ni rahisi sana kusema kwamba moja limesababisha jingine.

Ebinyo, meno ya plastiki na kimeo

Mwaka 1969 mtaalamu wa meno kutoka Denmark, Jens Pindborg, aliandika kuhusu watoto wa Kiacholi, kaskazini mwa Uganda, waliokuwa wameng'olewa machipukizi ya meno ya chonge. Desturi hiyo imeandikwa pia sehemu nyingine za nchi yetu, na Tanzania ikavuma tangu miaka ya 1980 kwa jina la meno ya plastiki. Sababu zinazotolewa hufanana: mtoto ana homa, anaharisha, anatapika, hataki kunyonya. Mganga hufungua ufizi, huonyesha kijino cheupe na laini, na kusema, "Mnaona? Huyu ndiye mdudu wenu."

Kukata kimeo, desturi inayojulikana sana Tanzania, kuna mantiki hiyo hiyo: mtoto anakohoa au anatapika, basi kile kinyama kinachoning'inia kooni ndicho kinachomkera. Magharibi mwa Uganda mtoto anayepumua kwa shida husemwa ana oburo, yaani ulezi, kifuani, na huchanjwa ili utolewe.

Mtu wa historia hapaswi kucheka desturi hizi. Zilitokana na kutazama: wazazi waliona kwamba ufizi wa mtoto huvimba katika umri ule ule anapotapika. Walichokosa ni kumtazama mtoto mzima wa jirani, ambaye naye ana machipukizi yale yale chini ya ufizi. Gharama ya kosa hilo ni kubwa. Watoto wametokwa na damu, wameambukizwa kwa vifaa vichafu, na wengine wamepoteza hata meno ya kudumu.

Kosa hilo hilo hospitalini

Mwaka 1972, daktari Alfred Steinschneider wa Syracuse, jimbo la New York, alichapisha katika jarida la *Pediatrics* makala kuhusu watoto watano aliowachunguza pumzi zao usingizini. Wawili kati yao walikuwa ndugu wa familia moja iliyokwisha kupoteza watoto watatu, na hao wawili nao wakafa. Alipendekeza kwamba kukatika kwa pumzi kwa muda mrefu ni chanzo cha vifo vya ghafla vya watoto wachanga, na kwamba watoto walio hatarini wanaweza kutambuliwa mapema. Wazo hilo liliingia katika hospitali nyingi, na maelfu ya wazazi wakapelekwa nyumbani na mashine za kupiga kengele. Kengele zililia, watoto wakaamshwa, wakakua. Mashine ikasifiwa.

Mwaka 1986 wataalamu waliokutanishwa na Taasisi za Taifa za Afya za Marekani hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba mashine hizo huzuia vifo. Mwaka 1995 mahakama katika jimbo la New York ilimtia hatiani mama wa wale ndugu kwa kuwaua watoto wake wote watano. Nguzo kuu ya nadharia haikuwa ugonjwa hata kidogo. Kisha, mwaka 2001, ukachapishwa utafiti uliofuatilia zaidi ya watoto 1,000 majumbani mwao. Ulionyesha kwamba hata watoto wazima kabisa pumzi zao hukatika mara kwa mara, kiasi cha kuliza kengele. Yaani mashine ilikuwa inaonyesha kijino kile kile ambacho kila mtoto anacho.

Kucheua nako kulichangia madhara. Miaka hiyo madaktari wengi waliwashauri wazazi kumlaza kifudifudi mtoto anayecheua ili asipaliwe. Ushauri ulikuwa na mantiki, na kifudifudi kweli hupunguza kucheua. Lakini tafiti za Ulaya, Australia na New Zealand zilipolinganisha watoto waliokufa na walio hai, ziligundua kwamba kulala kifudifudi ndiko kulikoongeza hatari ya kifo cha ghafla. Uingereza na New Zealand zilianza kampeni za kuwalaza watoto chali mwaka 1991, na Marekani ikabadili ushauri wake mwaka 1992. Katika nchi hizo vifo hivyo vilipungua kwa karibu nusu au zaidi katika miaka michache. Kilicholeta mabadiliko hayo hakikuwa mashine. Mtu aliuliza swali jepesi: mtoto alilazwaje?

Usiku mmoja wa kupimwa

Je, historia hii inamaanisha kwamba kupima usingizi ni kazi bure? Hapana. Inaonyesha kipimo kinafaa kwa swali gani. Katika uchunguzi kamili wa usiku mtoto hulazwa katika chumba maalumu, mzazi akiwa kando yake. Vipande vidogo hubandikwa kichwani na karibu na macho ili kujua yuko katika usingizi gani. Mkanda mmoja huzungushwa kifuani na mwingine tumboni, waya mdogo huwekwa puani kupima hewa, na kifaa chenye mwanga mwekundu hufungwa kidoleni kupima oksijeni ya damu. Mtoto anayecheua huweza kuongezewa mrija mwembamba unaopita puani hadi kwenye umio kupima asidi.

Yote huandikwa kwa saa moja inayofanana, na hapo ndipo faida ilipo. Kifua na tumbo vikitulia na hewa puani ikikosekana, ubongo haukutoa amri ya kuvuta pumzi. Kifua kikihangaika huku hewa haipiti, njia imeziba. Na ikiwa asidi ilipanda, tunaona kama ilipanda kabla ya pumzi kukatika au baada yake. Tafiti nyingi zilizotumia njia hii zilikuta kwamba mara nyingi mambo hayo mawili hayafuatani. Kuna watoto ambao asidi kweli huwasababishia shida ya pumzi, lakini ni wachache kuliko ilivyodhaniwa.

Kipimo hiki pia kiliwatoa gizani watoto waliokuwa wakiitwa wazito wa akili. Mwaka 1889 William Hill aliandika katika jarida la madaktari wa Uingereza kuhusu watoto wanaopumua kwa mdomo na kubaki nyuma masomoni. Mwaka 1976 Christian Guilleminault na wenzake walieleza habari za watoto wanane waliopimwa usiku na kukutwa njia ya hewa ikiziba usingizini. Kwa watoto wengi wa aina hiyo kinachoziba ni tonsili na nyama za nyuma ya pua zilizokua kupita kiasi, na kuziondoa huwasaidia wengi. Basi si kila kukata kooni ni ujinga. Tofauti ni kwamba huyu alitazamwa kwanza.

Nani anakesha Kampala?

Kampala ina historia yake ya kusahihisha kosa la namna hii. Katika hospitali ya Mulago, Hugh Trowell aliwaona watoto waliovimba na kubabuka ngozi, na mwanzoni aliuita ugonjwa wao pelagra. Miaka ya kutazama ndiyo iliyombadilisha, na mwaka 1954 yeye na wenzake walitoa kitabu kikubwa kuhusu kwashakoo. Mwaka 1965 kikaanzishwa kituo cha Mwanamugimu, ambako mama hukaa na mtoto na kujifunza kumlisha. Jina hilo linatokana na methali ya Kiganda inayosema kwamba mtoto mwenye afya hutokana na mbeleko. Aliyembeba ndiye aliyewekwa katikati ya tiba.

Uchunguzi kamili wa usiku unahitaji chumba, mashine na mtaalamu, na kwa familia nyingi za hapa gharama yake haibebeki. Lakini kifaa cha kidoleni, kilichotokana na kazi ya Mjapani Takuo Aoyagi mwaka 1974, ni kidogo. Shirika la Lifebox, lililoanzishwa mwaka 2011, limewapatia wahudumu wa nusukaputi nchini Uganda vifaa vya aina hiyo. Hilo si dogo: katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007, ni asilimia 13 tu ya wahudumu wa nusukaputi waliohojiwa nchini humu waliosema wana vifaa vya kumlaza mtoto kwa usalama.

Naandika haya nikimfikiria mtoto wa dada yangu. Alicheua tangu kuzaliwa, na usiku alikoroma kama mtu mzima. Mama mkwe wa dada, mwenyeji wa Bushenyi, alitaka ebiino ving'olewe alipofikisha miezi tisa. Wazazi wakakataa kwa heshima. Kliniki moja mtaani ilimwandikia dawa ya asidi bila kuuliza analalaje. Kucheua kukaisha alipofika miezi kumi na moja. Kama ebiino vingeng'olewa, leo ukoo wote ungekuwa na ushahidi. Kukoroma hakukuisha. Dada alikesha siku tatu akimrekodi kwa simu, na katika picha hizo kifua kinaonekana kikivutwa ndani huku mdomo uko kimya. Daktari wa pua na koo alipoitazama hakuhitaji kuelezwa mengi. Sasa wanasubiri zamu ya upasuaji.

Hitimisho

Historia niliyoieleza haitupi sababu ya kumcheka bibi wa Bushenyi wala daktari wa Syracuse. Wote wawili walitaka mtoto apone, na wote wawili walisifiwa kwa kazi iliyofanywa na umri. Inatufundisha kuuliza maswali matatu kabla ya kukata, kunywesha dawa au kununua mashine. Mtoto mzima wa jirani yukoje? Nini kilitangulia? Na je, kingeisha chenyewe? Majibu hupatikana kwa anayekesha. Katika wodi zetu huyo ni mama, au yule tunayemwita omujjanjabi, ndugu anayelala sakafuni kando ya kitanda cha mgonjwa. Hospitali zetu zikimpa kifaa kimoja cha kidoleni na karatasi ya kuandikia saa, atampa daktari asubuhi habari ambayo sasa inapotea kila kunapokucha.