Meza ya Hesabu na Diwani ya Mfalme

Katika karne ya 12 wafalme wa Uingereza hawakuwa na makao ya daima. Walitawala nchi yao, na sehemu kubwa ya Ufaransa pia, wakiwa safarini, na popote walipotua ndipo ilipokuwa diwani yao, pamoja na makarani, watumishi wa nyumbani, maaskofu na wakuu wa nchi ambao ada ya zama zile iliwalazimu kumpa mfalme shauri na kumsaidia kuhukumu. Baraza hilo, lililoitwa kwa Kilatini Curia Regis, ndilo lililokuwa mahakama, ndilo hazina, na ndilo mkutano wa vita.

Taabu ya mpango huo iliwaangukia raia. Richard wa Anstey, aliyedai mirathi ya mjomba wake, William de Sackville, alianza daawa yake mwaka 1158 kwa kumtuma mtu wake Normandy kutafuta waraka wa mfalme; baadaye akalazimika kuvuka bahari yeye mwenyewe kumfuata Henry II, aliyekuwa ameshughulika na vita vya Toulouse. Shauri likahamia kwa maaskofu, likafika hata kwa Papa, kwa kuwa lilitegemea uhalali wa ndoa, naye Richard akiwa njiani miaka hiyo yote, akifiwa na farasi na kukopa kwa riba, mpaka alipopata hukumu ya haki yake mwaka 1163 huko Woodstock. Gharama zake aliziandika moja moja, na maandishi hayo yamesalia. Anayeyasoma hahitaji kuelezwa dhuluma ya kuitafuta haki mbio mbio nyuma ya kiti cha mtawala.

Lakini katika diwani hiyo hiyo palikuwa na shughuli moja iliyotangulia kupata utaratibu wake, nayo ni ya fedha. Tangu enzi ya Henry I, chini ya uangalizi wa Roger, askofu wa Salisbury, maliwali wa majimbo waliitwa mara mbili kwa mwaka, wakati wa Pasaka na wakati wa sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli, waje kutoa hesabu ya mali ya mfalme waliyoikusanya. Richard FitzNigel, mtunza hazina wa Henry II, ametuachia kitabu kinachoeleza kikao hicho kwa utondoti: meza ya urefu wa futi 10 kwa upana wa futi 5, yenye ukingo ulioinuliwa ili kitu kisianguke, imetandikwa kitambaa cheusi chenye mistari kama ubao wa sataranji, na kila safu ina thamani yake, kuanzia peni na shilingi hata maelfu ya pauni. Mhasibu alipanga vihesabio juu ya kitambaa, akiondoa na kuongeza, na liwali aliyekaa mkabala naye, ijapokuwa hakujua kusoma, aliliona deni lake kwa macho.

Stakabadhi zilikuwa vijiti. Pauni 1,000 zilikatwa kwa upana wa kiganja, pauni 100 kwa upana wa kidole gumba, pauni 20 kwa upana wa kidole cha mwisho, na pauni moja kwa unene wa punje ya shayiri. Kisha kijiti kilipasuliwa katikati, kila upande ukachukua kipande chake, na mdanganyifu akafedheheka siku vipande vilipokutanishwa.

Mahakama nayo ilifuata njia hiyo pole pole. Mwaka 1178 Henry II aliteua watu watano wa nyumba yake, makasisi wawili na watu wa kawaida watatu, wasikilize malalamiko ya raia. Na mwaka 1215 Magna Carta ikaagiza kwamba mashauri baina ya raia yasiifuate tena diwani ya mfalme, bali yasikilizwe mahali maalumu.

Wanaoandika historia ya Bunge la Waingereza hupenda kuianza kwa Simon de Montfort na mkutano wake wa mwaka 1265. Mimi naona wanachelewa kwa zaidi ya miaka mia moja, kwa maana mamlaka ya mfalme yaliwekewa mipaka kwanza na makarani wa meza ile, na FitzNigel na wenzake wanastahili kutajwa kabla ya Simon.