Kutoka Bohari ya Serikali hadi NeST: Historia ya Mageuzi ya Ununuzi wa Umma Tanzania Bara, 1961–2024

1.0 Utangulizi

Ununuzi wa umma ni njia ambayo serikali huitumia kugeuza kodi ya wananchi kuwa barabara, dawa, madawati, mitambo ya umeme na huduma nyinginezo. Nchini Tanzania, kauli rasmi za viongozi zimekuwa zikieleza kwamba takribani asilimia 70 ya bajeti ya serikali hupita katika njia hiyo. Pamoja na uzito huo, historia ya ununuzi wa umma haijapewa nafasi kubwa katika uandishi wa historia ya nchi kwa Kiswahili. Mara nyingi suala hili huachiwa wanasheria na wahasibu, ambao huanza kulitazama pale sheria mpya inapotungwa.

Makala hii inafuatilia mageuzi ya ununuzi wa umma Tanzania Bara tangu uhuru hadi mwaka 2024. Hoja yake kuu ni kwamba sheria za ununuzi hazikuondoa mamlaka ya mtu kuamua nani auze na kwa bei gani. Kila sheria iliyahamisha mamlaka hayo kutoka mikono fulani kwenda mingine, na kasoro za mikono ile mipya ndizo zilizozaa sheria iliyofuata. Kwa kuwa Zanzibar ina sheria yake ya ununuzi, mjadala huu hauihusishi.

2.0 Urithi wa ukoloni na ununuzi wa kati

Chini ya utawala wa Waingereza, mahitaji makubwa ya serikali ya Tanganyika yaliagizwa kupitia Crown Agents, wakala aliyekuwa London na aliyenunua kwa niaba ya makoloni mengi. Mafundi na makarani wa Dar es Salaam walipeleka orodha ya mahitaji. Uchaguzi wa muuzaji, majadiliano ya bei na ukaguzi wa bidhaa vilifanyika ng'ambo. Utaratibu huo ulikuwa na nidhamu ya kumbukumbu, lakini uliacha pengo kubwa: nchi ilipopata uhuru mwaka 1961, ilirithi ustadi wa kutunza bohari kuliko ustadi wa kununua.

Msingi wa kisheria wa miaka ya mwanzo ulikuwa Sheria ya Hazina na Ukaguzi ya mwaka 1961 pamoja na kanuni za fedha zilizotolewa chini yake. Bodi Kuu ya Zabuni, iliyokuwa chini ya usimamizi wa wizara yenye dhamana ya fedha, ndiyo iliyoamua zabuni kubwa, huku bohari ya serikali ikihifadhi na kugawa vifaa vya matumizi ya kawaida. Hapakuwa na sheria moja ya ununuzi. Taratibu zilitawanyika katika kanuni, nyaraka za Hazina na desturi za ofisi.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliongeza ugumu. Mashirika ya umma yaliongezeka kwa kasi, na mengi yalijiwekea taratibu zake ya kununua. Wakati huohuo, biashara nyingi za jumla na uagizaji zilikuwa mikononi mwa mashirika hayohayo, hivyo serikali ilijikuta ikinunua kutoka kwa serikali. Ilipofika mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, uhaba wa fedha za kigeni uliifanya hati ya kuagiza bidhaa kuwa na thamani kuliko zabuni yenyewe. Ushindani wa bei hauna maana kubwa pale bidhaa inapokuwa haipo, au muuzaji anapokuwa mmoja. Kwa hiyo, udhaifu wa taratibu za zabuni katika kipindi hicho ulifichwa na tatizo lililoonekana kubwa zaidi, yaani uhaba.

3.0 Soko huria na sheria ya kwanza

Mageuzi ya uchumi yaliyoanza mwaka 1986 yaliubadili mwelekeo huo. Wafanyabiashara binafsi waliruhusiwa kuagiza bidhaa, mashirika ya umma yalianza kubinafsishwa, na wazabuni waliongezeka. Kanuni zilizotungwa kwa ajili ya serikali inayonunua kwa wachache sasa zilitakiwa kuamua kati ya wengi. Nafasi ya upendeleo na rushwa ikapanuka.

Mwaka 1996, Rais Benjamin Mkapa aliunda tume ya kuchunguza kero ya rushwa chini ya uenyekiti wa Jaji Joseph Sinde Warioba. Ripoti ya tume hiyo iliitaja mikataba na zabuni za serikali, hasa katika ujenzi wa barabara, miongoni mwa maeneo yaliyoathiriwa na rushwa. Ripoti hiyo, pamoja na shinikizo la wafadhili waliotaka fedha zao zitumike kwa utaratibu unaofahamika kimataifa, viliandaa njia ya Sheria ya Ununuzi wa Umma Namba 3 ya mwaka 2001. Kwa mara ya kwanza, zabuni za wizara, mashirika na taasisi nyingine za umma ziliwekwa chini ya sheria moja. Sheria hiyo ilifuata kwa sehemu kubwa sheria ya mfano iliyoandaliwa mwaka 1994 na Tume ya Umoja wa Mataifa ya Sheria ya Biashara ya Kimataifa. Iliunda pia Mamlaka ya Rufani za Zabuni za Umma, hivyo mzabuni aliyeshindwa akapata mahali pa kulalamika nje ya ofisi iliyomnyima zabuni.

Mwaka huohuo ulionesha mipaka ya sheria. Desemba 2001, serikali ya Uingereza iliidhinisha kampuni ya BAE Systems kuiuzia Tanzania rada kwa paundi milioni 28 hivi, licha ya Benki ya Dunia na Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga kueleza kuwa mtambo huo ulikuwa wa gharama kubwa kupita mahitaji ya nchi. Desemba 2010, kampuni hiyo ilikiri mbele ya mahakama ya Uingereza kosa la kutotunza kumbukumbu sahihi za hesabu zinazohusu biashara hiyo, na baadaye ikalipa paundi milioni 29.5 kwa manufaa ya wananchi wa Tanzania. Fedha hizo zilielekezwa katika vitabu na madawati ya shule. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Katika shauri hili, daftari lililofunguliwa lilikuwa la muuzaji, tena katika nchi yake.

4.0 Kugatua mamlaka: Sheria ya mwaka 2004

Bodi Kuu ya Zabuni ilikuwa na kasoro ya kimaumbile. Ilisimamia utekelezaji wa taratibu na papo hapo ikaidhinisha zabuni. Ilikuwa mwamuzi na mchezaji. Sheria Namba 21 ya mwaka 2004 iliifuta bodi hiyo na kuunda Mamlaka ya Udhibiti wa Ununuzi wa Umma, maarufu kwa kifupi PPRA, ambayo kazi yake ni kudhibiti, kukagua na kushauri bila kununua.

Uamuzi wa kununua ulishushwa hadi katika kila taasisi nunuzi. Humo uligawanywa kati ya afisa masuuli, bodi ya zabuni, kitengo cha usimamizi wa ununuzi, idara yenye mahitaji na kamati ya tathmini. Kila mmoja alipewa sehemu yake, na sheria ilikataza mmoja kuingilia kazi ya mwingine. Katika halmashauri, bodi za zabuni ziliundwa na watendaji, na madiwani wakawekwa nje. Lengo lilikuwa kuitenga siasa na biashara ya zabuni. Hata hivyo, diwani ndiye aliyeendelea kuulizwa na wapiga kura sababu ya zahanati kutokwisha.

Mgawanyo huo ulijaribiwa mapema. Mwaka 2006, ukame ulipunguza maji katika mabwawa ya kuzalisha umeme, na serikali ikahitaji megawati 100 za dharura. Mkataba ulipewa kampuni ya Richmond. Mitambo ilichelewa, mvua zikarudi, na mkataba ukahamishiwa kampuni ya Dowans. Kamati Teule ya Bunge chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe iliwasilisha taarifa yake Februari 2008, ikaeleza kuwa kampuni iliyoteuliwa haikuwa na uwezo na kwamba taratibu za zabuni zilikiukwa. Waziri Mkuu Edward Lowassa, ambaye alilalamika kuwa hakupewa nafasi ya kusikilizwa, alijiuzulu pamoja na mawaziri wawili.

Sehemu ya pili ya shauri hilo ina funzo zaidi kwa mwanahistoria wa ununuzi. TANESCO ilisitisha mkataba mwaka 2008, na Novemba 2010 baraza la usuluhishi la Chama cha Kimataifa cha Wafanyabiashara likaamuru Dowans ilipwe fidia iliyokadiriwa nchini kuwa takribani shilingi bilioni 94. Hivyo, doa katika utoaji wa zabuni halikuifuta gharama ya kuvunja mkataba. Kosa lililofanyika katika wiki chache za dharura lilidumu katika vitabu vya hesabu kwa miaka.

5.0 Haraka, wazawa na makundi maalumu

Sheria ya mwaka 2004 ilipokuwa ikilaumiwa kwa kukiukwa, ililaumiwa pia kwa kufuatwa. Watendaji walidai kuwa muda wa kutangaza, kutathmini na kuidhinisha zabuni ulikuwa mrefu mno. Lawama nyingine zilihusu katazo la kununua vifaa vilivyokwisha kutumika, katazo lililopata umaarufu mwaka 2009 ulipozuka mjadala wa kuinunua mitambo ya Dowans. Sheria Namba 7 ya mwaka 2011, iliyoanza kutumika Desemba 2013, ililegeza katazo hilo kwa vifaa kama ndege, meli na vya reli.

Marekebisho ya mwaka 2016 yaliingiza lengo la kijamii: taasisi nunuzi zilitakiwa kutenga asilimia 30 ya ununuzi kwa ajili ya makundi ya wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Kwa hatua hiyo, swali la zamani la "nani anauza kwa bei nafuu" liliunganishwa na swali la "nani ananufaika."

Kipindi hicho pia kilishuhudia kupanuka kwa utaratibu wa fosi akaunti, ambapo taasisi hununua vifaa yenyewe na kuajiri mafundi badala ya kumlipa mkandarasi. Mwaka 2021, mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa ulipogharimia, pamoja na mambo mengine, ujenzi wa madarasa 15,000, utaratibu huu ndio uliotumika kwa upana. Gharama ilipungua na kazi ikaenda haraka. Lakini mwalimu mkuu na kamati ya shule walijikuta wakifanya kazi ya mnunuzi, mtunza bohari na msimamizi wa ujenzi, mara nyingi bila mafunzo. Mamlaka yaliyotoka London kwenda Hazina, kisha kwenye halmashauri, sasa yalikuwa yamefika kwenye ofisi ya mwalimu.

6.0 Mfumo wa NeST na Sheria ya mwaka 2023

Mfumo wa kwanza wa kielektroniki, TANePS, ulifuatiwa mwaka 2023 na mfumo wa NeST uliojengwa na wataalamu wa ndani. Sheria ya Ununuzi wa Umma Namba 10 ya mwaka 2023, iliyoanza kutumika Juni 2024, iliufanya mfumo huo kuwa njia kuu ya ununuzi wa umma. Kanuni zake zilipanua upendeleo kwa kampuni za ndani, zikiwemo zabuni za ujenzi zisizozidi shilingi bilioni 50.

Faida ya mfumo huo ni alama inayoachwa na kila hatua. Nyaraka haziwezi kupotea kabatini, na mzabuni wa Kigoma halazimiki kusafiri kupeleka bahasha. Hata hivyo, mfumo hauoni kinachotangulia zabuni wala kinachofuata. Maelezo ya kiufundi yaliyoandikwa ili kumfaa muuzaji fulani huingia mfumoni yakiwa tayari yamepinda. Vivyo hivyo, barabara iliyojengwa chini ya kiwango huweza kuwa na zabuni isiyo na dosari.

7.0 Hitimisho

Historia hii inaonesha kwamba mageuzi yalielekezwa zaidi kwenye tukio la zabuni, yaani kutangaza, kufungua, kutathmini na kutunuku. Rada ilikuwa na kasoro katika kubaini mahitaji. Shauri la Dowans liligharimu katika usimamizi na uvunjaji wa mkataba. Ncha hizo mbili ndizo zilizobaki na ulinzi hafifu, na ndizo ambazo mfumo wa kielektroniki peke yake hauzifikii.

Kwa hiyo, kipimo cha haki cha Sheria ya mwaka 2023 kisiwe idadi ya zabuni zilizopita NeST. Kipimo kiwe uwezo wa mhandisi wa wilaya, mfamasia wa hospitali na mwalimu mkuu kueleza kwa maandishi sababu ya kuhitaji walichonunua, na kukataa kupokea kisicholingana na mkataba. Uwezo huo unahitaji mafunzo, wakaguzi wa kutosha na ulinzi kwa mtumishi anayekataa kusaini. Bila hayo, mamlaka yatahama tena, na sheria nyingine itatungwa kuyafuata.