Lango la umeme likigoma, chunguza reli kabla ya kulaumu mota

Malango ya kuteleza yanayoendeshwa kwa mota yamekuwa jambo la kawaida katika mitaa ya makazi jijini Nairobi na miji mingine nchini. Lango la aina hii linapogoma, wengi hudhani mota imeungua. Hata hivyo, hitilafu huenda ikawa kwenye reli, betri au rimoti, na mwenye nyumba anaweza kuitambua akifuata utaratibu.

Sukuma kwa mkono

Mota huwa na ufunguo wa kuitenganisha na lango. Itenganishe, kisha usukume lango kutoka mwanzo hadi mwisho wa reli. Iwapo pana mteremko, lishikilie lisikuponyoke.

Likiwa zito au likikwama, kasoro imo kwenye lango lenyewe: mchanga na kokoto kwenye reli, magurudumu yaliyolika au chuma kilichopinda. Kuongeza nguvu ya mota badala ya kurekebisha kasoro hiyo huharibu giaboksi na kuhatarisha watu. Likiteleza kwa wepesi, tatizo litafutwe kwenye umeme.

Betri na rimoti

Mota nyingi za nyumbani hutegemea betri ya volti 12 umeme unapokatika. Iwapo lango husimama katikati ya safari au hufa mara tu umeme unapopotea, huenda betri imechakaa. Betri nzima iliyojaa, ikitolewa kwenye chaja na kupumzishwa kwa saa kadhaa, hupima takriban volti 12.7.

Rimoti moja ikikataa ilhali nyingine zinafanya kazi, badilisha betri yake. Zote zikikataa, chunguza kipokezi cha mawimbi.

Linafunguka lakini halifungi

Aghalabu chanzo huwa vitambuzi vya miale vilivyo kando ya lango. Vumbi, nyasi au utando wa buibui ukiziba miale, lango hudhani pana mtu au gari njiani. Vipanguse kwa kitambaa laini na uhakikishe vinatazamana. Kamwe usikubali viunganishwe kwa waya ili kuvikwepa, kwani ndivyo vinavyomwokoa mtoto asibanwe.

Aidha, siafu na mijusi huingia ndani ya mota na kuharibu kibao cha saketi. Ziba matundu yote. Radi nayo huweza kukiunguza kibao hicho, hivyo kifaa cha kuzuia mshtuko wa umeme ni muhimu.

Tahadhari

Zima umeme na utoe nyaya za betri kabla ya kufungua kifuniko cha mota. Zaidi ya yote, kagua vizuizi vya chuma katika ncha zote mbili za reli pamoja na nguzo zinazolishikilia lango lisiiname. Vikilegea, lango lenye uzito wa mamia ya kilo linaweza kutoka relini na kumwangukia mpita njia. Kasoro hiyo ikionekana, lango lisitumiwe hadi fundi wa kuchomelea alitengeneze.