Baba wa kuleta posho: wababa na malezi ya watoto wadogo katika historia ya Lubumbashi

Mwezi uliopita nilimpeleka mtoto wetu wa miezi saba kwenye CPS, siku ile ya kupima watoto uzito na kuwapa chanjo. Mama yake alikuwa Likasi kwa matanga. Nilikaa kwenye benchi katikati ya wamama zaidi ya arobaini, mwanaume peke yangu. Zamu yetu ilipofika, muuguzi alitazama fishi, akanitazama mimi, akauliza: «Papa, mama ya mutoto eko wapi? Eko mugonjwa?» Nilijibu kwamba ni mzima. Mtoto alipimwa, lakini kwa mafundisho ya chakula niliambiwa mama arudi mwenyewe wiki inayofuata.

Sikukasirika. Nilijiuliza tu desturi hii ilitoka wapi. Wengi watajibu: ni mila ya Kiafrika. Lakini ukifuata historia ya mji wetu, utaona kwamba sehemu kubwa ya mila hii ilitengenezwa kambini.

Kampuni ya Union Minière iliundwa mwaka 1906. Mji wa Élisabethville, Lubumbashi ya leo, ulianza 1910, na mwaka uliofuata shaba ikaanza kuyeyushwa. Siku zile kampuni ilitaka mikono ya wanaume tu. Waliandikwa huku Katanga, Kasai, Rhodesia ya Kaskazini, na baadaye Rwanda na Burundi. Walifanya kazi muda mfupi, kisha wakarudi kwao. Wengi walikufa kwa magonjwa, wengi walitoroka. Kutafuta watu wapya kila mara kulikula pesa nyingi.

Ndipo, kuelekea mwaka 1928, siasa ikabadilika. Mkataba ukawa wa miaka mitatu, na mfanyakazi akaombwa aje na mke. Kambi zikapata nyumba za jamaa, posho ya mke na ya watoto, maternite, masomo, na siku za kupima watoto wachanga. Daktari Léopold Mottoulle alikuwa mmoja wa wakubwa walioiongoza siasa hiyo, na mwaka 1946 aliandika juu yake. Hesabu ya kampuni ilieleweka: mtoto aliyezaliwa kambini akakua na afya ndiye mfanyakazi wa kesho.

Sasa tazama baba aliwekwa wapi. Mama alienda kwa waganga na watawa, akafundishwa kuogesha mtoto, kumlisha, kushona. Baba alienda mgodini ao kiwandani. Mtoto akipimwa, baba yuko kazini. Mtoto akifundishwa, baba yuko kazini. Jina lake lilihitajika kwa posho, basi. Na hata posho hiyo si yeye aliyeipanga: kampuni ndiyo iliyoamua kipimo cha unga, nyumba ya kulala, masomo ya watoto. Desemba 1941, bei zikipanda kwa sababu ya vita, wafanyakazi waligoma wakidai mshahara zaidi. Askari waliwapiga risasi hapa mjini, watu wengi wakafa. Wale walikuwa wababa waliotaka kulisha nyumba zao kwa jasho lao, si kwa kipimo cha mwingine.

Kijijini haikuwa hivyo. Mtoto alikuwa na baba, baba wadogo, babu, na kwa Wabemba mjomba alikuwa na neno kubwa. Na wale wanaosema mwanaume wa Kiafrika habebi mtoto mchanga wamsome Barry Hewlett. Mwaka 1991 alichapisha kitabu juu ya Waaka, watu wa msituni katika Afrika ya Kati. Aliona kwamba baba wa Kiaka yuko karibu na mtoto wake mchanga, kiasi cha kumfikia kwa mkono, karibu 47% ya wakati.

Kampuni ilitaifishwa mwaka 1967, ikawa Gécamines baadaye, lakini mpango wa kambi uliendelea. Kisha miaka ya 1990 uzalishaji ukaanguka, mishahara ikakosekana miezi mingi. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kwa mpango ulioitwa kuondoka kwa hiari. Mwanahistoria wetu Donatien Dibwe dia Mwembu aliandika juu ya watoto wa Shaba walioachwa na baba yao, na baba huyo ni kampuni yenyewe. Wamama walishika biashara ya makala, mboga na unga. Wababa wengi walibaki wamekaa lupangoni. Walikuwa wamefundishwa kazi moja tu ya ubaba, kuleta posho, na posho ilikuwa imekwisha.

Je, baba anaweza kufundishwa kingine? Jirani zetu wa Rwanda walijaribu. Kati ya 2013 na 2015, mpango wa Bandebereho ulikusanya wababa wenye watoto wadogo ao wenye wake wajawazito, pamoja na wake zao, kwa vikao 15. Wachunguzi walilinganisha jamaa hizo na nyingine zisizoshiriki, jumla karibu 1,200. Matokeo yalitangazwa 2018: wanaume walisindikiza wake kliniki zaidi, walisaidia zaidi malezi na kazi za nyumbani, kipigo kwa wanawake na kwa watoto kilipungua. Hakikuisha, lakini kilipungua.

Hapa kwetu wenye kupanga mafundisho ya malezi wangali wanaita wamama peke yao, kama vile king'ora cha kiwanda kingali kinawaita wababa. Kwa wengi kimenyamaza zamani.

Wiki iliyofuata tulirudi watatu. Mama aliingia kwenye mafundisho, nami nikaingia nyuma yake na mtoto mikononi. Muuguzi alicheka kidogo, kisha akawaambia wamama wasogee kwenye benchi.