MTOTO WA KARATASI: NASABA ZETU MBELE YA DIRISHA LA VIZA



Ndugu zangu, wiki hii alinipigia simu kaka mmoja anayeishi Marekani. Amepata ukaazi, na sasa anaita familia yake iliyoko Mombasa: mke na watoto watatu. Karatasi zinakwenda vizuri. Mwisho wa mazungumzo sauti yake ikashuka. Akasema, "Sheikh, ndugu yangu alifariki akaniachia mtoto. Ana miaka 11, mama yake yupo Malindi, na mimi ananiita baba. Fomu inauliza watoto wangu ni wangapi. Nikimwandika kuwa wa nne, nitakuwa nimekosea?"

Sikumjibu papo hapo. Nilimwambia anipe siku mbili, kwa sababu swali lake si jipya. Watu wamekutana nalo kwa zaidi ya miaka 100, na kila mmoja alilijibu kwa namna yake. Leo naandika kwa wote yale niliyomwambia, maana najua si yeye peke yake aliyeshika kalamu juu ya fomu kama hiyo.

1. KISIWA CHA MALAIKA

Mwaka 1882 Marekani ilipitisha sheria ya kuwazuia vibarua wa Kichina wasiingie nchini. Walioachiwa mlango ni wachache, kama wafanyabiashara na wanafunzi. Mwaka 1898, katika kesi ya Wong Kim Ark, Mahakama Kuu ya nchi hiyo ikaamua kwamba aliyezaliwa Marekani ni raia, hata kama wazazi wake ni Wachina. Na mtoto wa raia, hata akizaliwa China, alikuwa na haki ya kumfuata baba yake.

Kisha tarehe 18 Aprili 1906 tetemeko la ardhi likaupiga mji wa San Francisco, na moto uliofuata ukateketeza kumbukumbu za serikali, zikiwemo za vizazi. Wachina wengi wakasema, "Sisi tulizaliwa hapa." Daftari la kuwapinga halikuwepo tena.

Hapo ndipo mambo yalipoanza. Mtu anakwenda kwao China, akirudi anaandikisha kwamba amepata mtoto wa kiume. Mara nyingine ni kweli. Mara nyingine hakuna mtoto aliyezaliwa, ni nafasi tu. Nafasi hiyo anapewa mtoto wa ndugu au wa jirani, au inauzwa kwa pesa. Vijana walioingia hivyo wakaitwa "watoto wa karatasi".

Mwaka 1910 serikali ikafungua kituo katika kisiwa cha Angel Island, jina ambalo maana yake ni Kisiwa cha Malaika. Kilifanya kazi hadi 1940. Humo watu walizuiliwa wiki, miezi, wengine zaidi ya mwaka, wakihojiwa. Nyumba yenu ina madirisha mangapi? Kisima cha kijiji kiko upande gani? Nani anakaa nyumba ya tatu? Majibu ya kijana yalilinganishwa na ya baba. Ndiyo maana vijana walikuwa wakikariri majibu kwenye daftari wakiwa melini, kisha wanalitupa baharini kabla ya kufika.

Zingatia jambo hili, ndugu yangu: maswali yale waliulizwa hata watoto wa kweli. Baba aliyeondoka kijijini miaka 10 iliyopita, je, anakumbuka idadi ya madirisha? Akikosea, mtoto wake wa damu anaonekana mwongo. Uongo wa baadhi ya watu ukawa mzigo juu ya mabega ya wakweli.

Tusiwahukumu haraka. Sheria ile ilikuwa ya dhuluma, ya kubagua watu kwa asili yao. Ilifutwa mwaka 1943, na hata hivyo Wachina wakapewa nafasi 105 tu kwa mwaka. Lakini tazama gharama waliyoilipa wenyewe. Kuanzia 1956 hadi 1965 serikali iliwataka wakiri, na zaidi ya watu 13,000 walikiri. Ukikiri wewe, umemfichua na baba yako wa karatasi, na ndugu zako wa karatasi, na watoto wao. Wapo waliozeeka na jina la ukoo wa mtu mwingine. Yapo makaburi yenye majina mawili juu ya jiwe moja: la karatasi kwa herufi za Kiingereza, na la nasaba kwa herufi za Kichina. Mtu alisubiri mpaka afe ndipo aitwe kwa jina la baba yake.

2. DAMU ILIPOTOA USHAHIDI

Sasa twende Uingereza. Mwaka 1984, katika Chuo Kikuu cha Leicester, mwanasayansi Alec Jeffreys aligundua njia ya kumtambua mtu na jamaa zake kwa vinasaba, kile tunachokiita DNA. Mwaka uliofuata akaletewa kesi ya kijana wa familia ya Kighana. Kijana alikuwa anarudi Uingereza kwa mama yake, maafisa wakakataa kuamini kwamba ni mtoto wake. Huenda, walisema, ni mtoto wa dada yake.

Ikapimwa damu ya kijana, ya mama na ya watoto wengine wa mama yule. Majibu yakaonyesha kwamba ni mwanawe, na kijana akabaki na mama yake. Hiyo ndiyo kesi ya kwanza ya aina yake duniani. Mama mnyonge, aliyekataliwa neno lake, alitetewa na damu yake mwenyewe.

3. NAIROBI, 2008

Lakini kisu ni kile kile. Marekani ilikuwa na mpango wa kuwaunganisha wakimbizi na familia zao: mke au mume, wazazi, na watoto walio chini ya miaka 21 ambao hawajaoa wala kuolewa. Mwaka 2008 vipimo vya DNA vya majaribio vilianza Nairobi, kwa waombaji ambao wengi wao walikuwa Wasomali na Waethiopia, kisha vikapelekwa nchi nyingine za Afrika, Uganda ikiwemo. Serikali ile ikatangaza kwamba familia ambazo udugu wote uliodaiwa ulithibitika hazikufika asilimia 20. Katika zilizobaki, kuna ambazo angalau mtu mmoja hakuwa kama alivyoandikwa, na kuna ambazo watu hawakutokea au walikataa kupimwa.

Je, wote walikuwa matapeli? Hapana. Wenye kuuza nafasi walikuwepo. Lakini vita ilikuwa imeacha mayatima, na mtu aliyemlea mtoto wa marehemu dada yake tangu kunyonya huona aibu kuandika "si wangu". Kipimo hakijui malezi, kinajua damu tu.

Mpango ukasimamishwa mwaka 2008. Haukufunguliwa tena hadi Oktoba 2012, safari hii kipimo kikiwa ni sharti kwa mzazi na mtoto. Hesabu mwenyewe: miaka minne. Mke wa halali aliyekuwa akisubiri na mtoto wa damu aliyekuwa akisubiri, wote walifungiwa mlango mmoja.

4. KAFALA MBELE YA MAHAKAMA

Wapo walioandika ukweli. Mume na mke, raia wa Ufaransa waliokuwa wakiishi Uingereza, walimchukua nchini Algeria mtoto mchanga aliyetelekezwa, kwa utaratibu wa kafala: unamlea, unamgharamia, unawajibika kwake, lakini hubadilishi nasaba yake. Mwaka 2012 wakamwombea ruhusa ya kuingia. Hawakusema wamemzaa. Wakakataliwa.

Kesi ikapanda ngazi hadi Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, huko Luxembourg. Tarehe 26 Machi 2019 mahakama ikaamua kwamba mtoto wa kafala hahesabiki kuwa mzawa wa walezi wake, lakini ni mtu wa familia yao, na nchi husika inatakiwa imrahisishie kuingia baada ya kupima maslahi yake. Miaka saba! Ni mingi. Lakini jina "kafala" likaandikwa katika hukumu, na kila mlezi anayekuja nyuma yao katika nchi za Umoja huo analikuta hapo.

5. NILIVYOMJIBU

Nilimwambia: kaka yangu, kumlea yatima ni daraja kubwa, na Mtume (s.a.w.) amemweka mlezi wa yatima karibu naye Peponi. Lakini katika Suratul Ahzab, aya ya 5, tumeamrishwa kuwanasibisha watoto wa kulea na baba zao. Zayd bin Haritha (r.a.) alikuwa akiitwa mwana wa Muhammad, na baada ya amri hiyo akarudishiwa jina la Haritha. Mapenzi ya Mtume kwake hayakupungua hata chembe.

Na utazame mtoto mwenyewe. Ukimwandika wako, umemwandikia kwamba mama yake ni mkeo. Kesho akiwa mtu mzima, akitaka kumwita mama yake wa Malindi, karatasi zitamwambia hana mama Malindi. Umemtoa yatima wa baba, ukamfanya yatima wa mama aliye hai. Na uongo ukigundulika, hata baada ya miaka mingi, uraia wake unaweza kuvuliwa, na wako pia.

Akaniuliza, "Basi abaki?"

Ndugu zangu, hapo ndipo pagumu, na sikumdanganya. Nikamwambia huenda akabaki kwa muda. Hukumu ya Luxembourg haiifungi Marekani. Mtafute mwanasheria wa uhamiaji mwenye leseni, si dalali. Shika cheti cha kifo cha ndugu yako, cheti cha kuzaliwa cha mtoto, ridhaa ya mama yake, na amri ya mahakama ya ulezi kama itapatikana. Uliza mlango wa mtoto wa kulea uko wapi, hata kama ni mwembamba. Ukikosekana, mtumie ada ya shule, mpigie simu kila siku, nenda ukamwone. Mtoto anaweza kuishi mbali nawe akijua yeye ni nani. Wale wa Kisiwa cha Malaika walifika, na wengine hawakuthubutu kuwaambia watoto wao jina la babu yao.

Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Nitaandika watatu." Nilisikia analia.

Mwombeeni, yeye na yatima wake. Na wewe mwenye fomu mezani, muulize mwenye elimu kabla hujaandika.

Wallahu a'lam.