Namna ya kusikia mikro yako mu kaske wakati unarekodi

Hapa Mweso, watu wanaleta kwenye radio maneno yenye hayawezi kurudiliwa. Siku moja mama mumoja, mukimbizi wa ndani, alikuja kutangaza mutoto wake aliyepotea njiani. Nilimurekodi bila kaske. Jioni, wakati wa kupitisha tangazo, tulikuta mulio wa simu, tititi-tititi, umefunika jina la mutoto na mahali alipoonekana mara ya mwisho. Mama alikuwa amekwisha kuondoka kuelekea Kalembe, na hakuwa na simu. Simu yenye ililia ilikuwa yangu, kando ya mikro. Tangu siku ile sirekodi mutu bila kaske.

Sikio la mutu linachagua. Ukiongea na mutu, akili inasahau jenereta ya jirani na mvula juu ya mabati. Mikro haichagui, inachukua vyote. Ukivaa kaske unasikia kile mikro inachukua, wakati mwenye kuongea angali mbele yako.

Mbele ya kuanza

Zima bafle kabisa. Sauti ikitoka mu bafle na kurudi mu mikro, inazunguka na kupiga kelele kali yenye tunaita larsen, kwa jina la mwanasayansi wa Denmark, Søren Absalon Larsen. Tumia kaske ya waya. Ile ya Bluetooth inachelewesha sauti. Kama ordinatere yako iko na tundu moja tu la kaske na mikro pamoja, tafuta kigawanyo chenye matundu mawili. Simu, iweke mbali ao uizime.

Kwenye Windows ya Kifaransa

1. Chomeka mikro na kaske.
2. Bonyeza kifungo cha Windows pamoja na R, andika mmsys.cpl, kisha bonyeza Entrée. Dirisha «Son» linafunguka.
3. Fungua «Enregistrement», chagua mikro yako, kisha «Propriétés».
4. Fungua «Écouter», weka alama kwenye «Écouter ce périphérique», na chini yake chagua kaske yako.
5. Bonyeza «Appliquer», kisha sema maneno machache. Utajisikia.
6. Fungua «Niveaux» kwa kupunguza ao kuongeza nguvu ya mikro. Mu programu ya kurekodi, sauti ya juu ifike kati ya -12 na -6 dB. Isiguse 0: pale sauti inapasuka, na kuitengeneza nyuma ni vigumu sana.

Kama sauti inachelewa

Kwa njia hii sauti inarudi ikichelewa, juu ordinatere inaikusanya kwa vifungu mbele ya kuitoa. Ukirekodi kwa sampuli 48,000 kila sekunde, kifungu cha sampuli 480 kinachelewesha milisekunde 10. Cha sampuli 4,800, milisekunde 100. Kujisikia umechelewa namna hiyo kunaweza kukufanya ugugumize.

Programu nyingi za kurekodi ziko na njia yao ya kukusikilizisha mikro. Usiiwashe pamoja na ile ya Windows, utasikia sauti mbili.

Njia nzuri zaidi ni kadi ya sauti ya nje, ya USB, yenye kifungo «Direct Monitor»: inapeleka sauti ya mikro moja kwa moja mu kaske. Kama uko na meza ya kuchanganya sauti, chomeka kaske pale, siyo kwenye ordinatere. Kisha toa ile alama ya «Écouter».

Lakini angalisho: hapo unasikia mikro, siyo kile ordinatere inaandika. Kwa hiyo rekodi sekunde 10, simamisha, usikilize. Muulize mugeni jina lake na kijiji chake kwa jaribio hilo. Kama vyote viwili vinasikika wazi, anza.