Siti ya Tatu kwenye Barabara ya Rumonge

Prado inayosimama Magara kununua mukeke huegeshwa upande wa kulia, kama sheria ya barabara ya Burundi inavyotaka. Mlango wake wa nyuma hufunguka kwa ubavu, na bawaba zake ziko kulia. Ukishafunguliwa wote, unamzibia nafasi muuza samaki aliyesimama kando ya njia. Inambidi azunguke na beseni lake hadi upande yanakopita malori, ndipo aingize mzigo. Waliolibuni gari hili walifikiria vizuri, ila walifikiria barabara za kwao. Japani magari hupita kushoto, hivyo anayepakia kule husimama pembeni, salama kabisa. Gari likatumika, likauzwa mtumba, likaja hadi ufukwe wa Tanganyika na bawaba zake vilevile.

Naanzia mlango wa nyuma kwa sababu kwenye barabara hii ya RN3, kutoka Kabezi, Gitaza, Magara na Minago hadi Rumonge, gari kubwa la familia hupimwa kwa sehemu yake ya nyuma. Mbele atakaa baba na dereva, hilo halina mjadala. Maswali yote yako nyuma: shangazi ataketi wapi, watoto wataketi wapi, na madumu ya mawese yatawekwa juu ya nini?

Land Cruiser, ukoo ambao Prado imo, haikuzaliwa kwa ajili ya maswali hayo. Mwaka 1951, wakati wa vita vya Korea, Toyota ilitengeneza gari la kazi lililoitwa BJ, nalo likapanda Mlima Fuji hadi kituo cha sita. Jina la Land Cruiser lilikuja mwaka 1954. Lilikuwa gari la bati na turubai, na hakuna aliyefikiria starehe ya abiria. Mwaka 1967 ikatoka FJ55, yenye mwili mrefu wa milango minne na buti la kweli, na mwaka 1980 likafuata toleo la 60. Hapo ndipo familia zilipoanza kuliona kama gari lao.

Kwa watu wengi wa pwani hii, hata hivyo, Land Cruiser ya kwanza kuingia ndani haikuwa ya familia hata kidogo. Ilikuwa 70, iliyoanza kuuzwa mwaka 1984, ile ndefu yenye mabenchi mawili yanayotazamana nyuma. Ndiyo iliyofanywa ambulensi na gari la mashirika. Anayekaa kwenye benchi hilo husafiri kwa ubavu, goti kwa goti na mwenzake, na kila kona humsukuma begani kwa jirani. Lakini sakafu yake ni tupu na inaoshwa kwa maji. Katika miaka ya vita na ya kurejea kwa wakimbizi, ujumbe wa Umoja wa Mataifa, ONUB, ulipokuwa nchini kuanzia 2004 hadi 2006, magari meupe ya namna hiyo yalikuwa sehemu ya mandhari ya nchi. Bado naamini hakuna mpangilio wa ndani uliowahi kuifaa barabara ya samaki kuliko ule.

Mabadiliko makubwa yalikuja na 80, mwishoni mwa 1989. Springi za majani ziliondolewa, zikawekwa za koili, na abiria wa nyuma wakapumzika mgongo. Siti ya tatu ikawa vipande viwili vinavyotazama mbele. Ukitaka nafasi ya mzigo, unakunja mgongo wa siti, unainua siti nzima hadi ubavuni mwa gari, kisha unaifunga kwa mkanda wenye ndoano. Kazi ya dakika moja. Tatizo huonekana baadaye: siti mbili zilizoning'inia hula upana wa buti pande zote mbili, na zinaziba vioo vya ubavuni.

Kwa nini zisizame sakafuni tu? Kwa sababu chini yake kuna ekseli nzima inayopanda na kushuka, na gari lililojengwa kwa njia mbovu haliwezi kuinyima ekseli hiyo nafasi yake. Sakafu inabaki juu, kwa hiyo mtu mzima akikaa siti ya tatu magoti yake hukaribia kidevu. Kwa umbali wa Magara hadi Rumonge anavumilia. Kwa safari ya kwenda Gitega mpe mtoto siti hiyo.

Kuna kipimo kimoja kinachoeleza mengi. Kutoka kitovu cha gurudumu la mbele hadi cha gurudumu la nyuma, 80 ina milimita 2,850. Iliyofuata, 100 ya mwaka 1998, ina 2,850. V8 ya mwaka 2007, yaani 200, ni ileile, na 300 ya mwaka 2021 pia ni ileile. Gari liliongezwa ngozi, skrini na matundu ya hewa baridi, ambayo kwenye 200 za bei ya juu yalifika 28, na katika joto la bonde la ziwa hayo ni ya maana. Lakini umbali huo haukuongezwa hata kidole. Ndiyo maana mwenye V8 akiketisha watu kwenye siti ya tatu, buti linabaki la mabegi machache yaliyosimamishwa wima, na sanduku la bibi harusi linapanda kwenye keria.

Misafara ya posa na harusi ndiyo mtihani wenyewe. Asubuhi gari hubeba watu saba waliovaa vizuri, jioni linarudi na mikungu ya ndizi, mchele na mawese ya Rumonge. Dumu la mawese lisilofungwa vizuri huacha doa ambalo halitoki kwenye kapeti, na harufu ya ndagala hukaa miezi. Matoleo ya kazi ya 80 yalikuwa na sakafu ya raba, ya starehe yalikuwa na kapeti nene, na aliyelipa zaidi ndiye aliyepata gari gumu zaidi kusafisha. Dawa inajulikana: turubai chini, gunia juu yake, madumu yakiwa yamesimama na kubanana.

Mlango wa nyuma nao una historia yake. 80 na 200 zilikuwa na mlango uliogawanyika, kioo juu na kipande cha chini kinacholala. Kipande hicho kilikuwa benchi la ufukweni, meza ya chakula na kizuizi cha mzigo kwa wakati mmoja. Kwenye 300 kimeondolewa, na mlango wote unapanda juu kama kipande kimoja. Badala yake siti ya tatu hatimaye inalala sakafuni, jambo ambalo Prado 150 ya mwaka 2009 ilikuwa imeshalifanya. Ni mabadilishano ya haki kwa anayebeba watu, na hasara kwa anayebeba samaki.

Tangu petroli na dizeli zianze kuadimika Burundi, siti ya tatu imepata thamani mpya: safari moja yenye lita za kuhesabu lazima ichukue kila mtu anayekwenda upande huo. Anayetafuta gari la mtumba leo kwa familia ya Magara aombe afunguliwe nyuma kabla ya kuwasha injini. Azishushe siti za tatu, aketi mwenyewe, aangalie kama ndoano na mikanda bado ipo, kisha ainue kapeti anuse. Na kama ni Prado, afungue mlango ule hadi mwisho akiwa amesimama upande wa kulia wa barabara.